Siku Sita za Pagume

Mwaka wetu una miezi kumi na tatu,
lakini mshahara unaijua kumi na miwili tu.
Mwezi wa mwisho, Pagume, ni kipande,
siku tano, kama kitambaa kinachobaki
fundi akishamaliza kukata suruali;
na mwaka wa Luka, kama huu, siku sita.

Siku hizo serikali hainilipi,
nami sikuwahi kunung'unika,
kwa kuwa hata mwenye nyumba alikuwa hazihesabu.
Weyzero Yeshimebet alituambia siku tuliyohamia:
"Kodi ni ya siku thelathini. Pagume ni ya Mungu."
Tukaishi bure siku zile kila mwaka,
miaka kumi na mmoja.
Mke wangu Birtukan aliziita likizo ya ukuta.

Mwaka huu alikuja siku ya kwanza,
mwavuli kwapani, hakutaka kiti.
Akatazama sufuria, akawatazama watoto,
akasema vitunguu,
akasema mafuta ya kula,
akasema dawa za sukari za mumewe
ambazo duka linauza sasa kidonge kimoja kimoja,
kama peremende.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeazima kiberiti:
"Mwalimu, siku sita hizi nazo mnalala."

Ni kweli, tunalala.
Nafundisha hesabu, darasa la sita, hapa Kotebe;
nilitafuta kosa katika hesabu yake, sikuliona.
Kodi, gawanya kwa thelathini, zidisha kwa sita:
jibu ni kilo nne za tefu,
au viatu vya shule vya Natnael,
au zile anazotuma shemeji yangu Senait kutoka Beirut
akikumbuka, na mwajiri akimrudishia simu yake.

Mdogo wangu Gedlu angesaidia.
Gedlu alipita Obok mwezi wa Miazia,
akavuka, na tangu hapo simu yake
inaongea Kiarabu cha mashine.
Mama bado anaandaa injera ya mtu mmoja zaidi.
Asubuhi anaila mwenyewe, imekauka.

Siku ya tatu ni ya Rufael.
Wanasema siku hiyo mbingu hufunguka
na mvua yake ni maji ya baraka.
Watoto walitoka uani uchi, makelele,
Natnael mbele, mbavu zake zikihesabika.
Bomba letu halikuwa limetoa tone tangu Jumatano.
Birtukan akatoa ndoo, karai, madumu ya njano,
sufuria ya mchuzi, hata kopo la maua,
akavipanga vyote chini ya bati.
Akanong'ona sala.
Kisha akaleta mashuka.

"Mtakatifu hatachukia?" nikamuuliza.
"Mtakatifu," akasema, akikunja mikono ya gauni,
"hanunui maji ya mkokoteni."

Tulifua mpaka saa kumi.
Weyzero Yeshimebet akashuka, safari hii bila mwavuli,
nywele zimeloa, ndoo mbili mkononi.
Bati la upande wake limeoza, halikusanyi kitu.
Akasimama pale.
Hakutaja kodi, nami sikuitaja.
Birtukan akasogeza karai kwa mguu
akampisha mahali penye mkondo mzuri,
na wanawake wawili wakasimama kimya
wakisikiliza ndoo zinavyobadilisha sauti zikijaa.

Jioni nikafungua daftari,
nikaandika siku moja chini ya nyingine,
mbele ya kila moja nafasi ya birr.
Kwenye ile ya tatu kalamu ilisita.
Nikaandika: maji, ndoo mbili.
Sijui kama atakubali.
Mwanafunzi angeniletea jibu la namna hiyo
ningempigia mstari mwekundu.

Mashuka hayakukauka.
Tukalala juu ya godoro tupu,
siku ya tatu katika sita,
bati likiendelea kuhesabu.